Jina Moja, Sauti Mbili

Msimu wa mwaka 2022 nilikuwa katibu wa timu ya mtaa wetu ya vijana wa chini ya umri wa miaka 15 huku Mikindani, Mtwara. Ninaandika haya kwa sababu kosa kubwa la msimu ule lilipita mikononi mwangu, kwenye karatasi niliyoijaza na kuitia saini mwenyewe, na mtu aliyelilipa kwa uchungu zaidi alikuwa mtoto ambaye msimu huo hakuwahi kugusa mpira.

Ligi yenyewe ilikuwa ndogo: timu 8, kila moja ikikutana na mwenzake mara moja, mechi 7 kwa kila timu, na kila kipindi dakika 35. Waandaaji waliipanga ianze Julai na imalizike kabla ya Oktoba, na mwenyeji wa huku haulizi kwa nini. Mvua zikishakatika viwanja hukauka, lakini korosho zikianza kudondoka huwezi tena kumpata mtoto saa kumi alasiri, kwa kuwa yuko shambani na mama yake anaokota. Hata Julai ina vikwazo vyake, maana wapo wanaopelekwa jandoni wakati wa likizo, na mikorosho huwa inapuliziwa salfa, kiasi kwamba upepo wa kusi ukivuma vijana hucheza huku wakinusa kiberiti. Kiwanja chetu ni mchanga mtupu. Nyavu za magoli ni nyavu za kuvulia zilizochakaa, ambazo wavuvi hutupatia bure, na mistari tunaichora kwa majivu asubuhi ya mechi.

Juu ya mchanga huo kuna ndoto nzito. Watoto hawa wamekua wakiona kwamba mpira wa kusini unaweza kufika mbali: Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kuujaza uwanja wa Nangwanda Sijaona, na Namungo ya Ruangwa ilipanda mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2020 na kufungwa na Simba mabao 2-1, kisha ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa hiyo mtoto anajua, na mzazi wake anajua, kwamba mtu akija kutoka mjini kutafuta vipaji anamtaka mdogo. Kijana wa miaka 14 mwenye mguu mzuri ni mali. Mwenye miaka 17, hata awe na mguu uleule, ataambiwa amechelewa.

Siku za kawaida mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, na msimu wa korosho kazi yangu ni kusimama kwenye mizani kuanzia asubuhi hadi jioni. Gunia nikilitilia shaka, humwomba mkulima alimwage juu ya turubai tuangalie kama hakuna mchanga, mawe au korosho mbichi zilizochanganywa na kavu. Wapo wanaokasirika, lakini wote wanajua kwamba gunia moja chafu likipita, huko ghalani litashusha sifa ya magunia ya wenzao wote. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi, na ninaitaja hapa kwa sababu siwezi kusema kwamba sikujua namna ya kukagua kitu.

Usajili ulidai nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha mbili ndogo, barua ya serikali ya mtaa na saini ya katibu. Cheti cha kuzaliwa hakina picha ya mtu. Picha hubandikwa kwenye leseni ya mchezaji, na anayeunganisha uso na jina ni katibu, kwa neno lake tu. Jioni moja akaja kijana mrefu ambaye wiki ile tulikuwa tumemwona mazoezini akipiga mashuti kwa miguu yote miwili. Alinikabidhi cheti kilichokunjwa mara nne, cha mtoto aliyezaliwa mwaka 2009. Nilikipokea, nikaiona mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa na madoa meusi yaliyoingia ndani ya ngozi, yale ya mafuta ya ganda la korosho, ambayo humpata mtu aliyebangua kwa msimu zaidi ya mmoja. Sauti yake ilikwisha kuwa nzito. Nikamwuliza, "Cheti hiki ni chako?" Akajibu, "Ndiyo, katibu," huku akiitazama meza. Mikono ile niliiona vizuri kabisa, kisha nikajaza fomu.

Wenye mpira huwaita wachezaji wa namna hii vijeba, yaani watu wazima waliopenyezwa kati ya watoto, na kila timu huwalalamikia vijeba wa timu nyingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuwalalamikia.

Tulianza kushinda. Katika mechi mbili za mwanzo alifunga mabao matano, na watu waliokuwa hawafiki kiwanjani wakaanza kuja na viti vyao. Mechi ya tatu ndiyo iliyoanza kunikosesha usingizi. Beki wa kushoto wa wapinzani alikuwa mtoto mwembamba, wa miaka 13 hivi, aliyevaa daluga zilizomzidi ukubwa, na kwa nusu saa nzima alikuwa amejitahidi kumkaba mshambuliaji wetu bila kuogopa. Wakaukimbilia mpira mmoja bega kwa bega. Hapakuwa na faulo, na mwamuzi hakupuliza filimbi, lakini mtoto aliruka kama aliyegongwa na baiskeli, akatua kwa mkono wa kulia, na mfupa ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Sikusikia sauti ya kuvunjika. Niliyemsikia ni baba yake, aliyeingia kiwanjani akiita jina la mwanawe. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Mshambuliaji wetu alibaki amekaa mchangani, amejishika kichwa, na mechi ilipoendelea hakupiga tena shuti hata moja.

Umri wa kati ya miaka 13 na 15 ndio ambao wavulana wengi huwa katikati ya kurefuka. Mifupa hukua upesi huku misuli ikiwa bado nyuma, na kwenye ncha za mifupa bado kuna tabaka laini za ukuaji ambazo hazijafunga. Mwenye miaka 17 yuko upande mwingine kabisa, akiwa na kilo na nguvu ambazo mwenzake hajazipata. Kuna jambo ambalo silisahau kila nikikumbuka mkono ule: FIFA inapokagua umri wa wachezaji wa chini ya miaka 17, mahali inapopaangalia ni hapo hapo kwenye kifundo cha mkono. Kuanzia Kombe la Dunia la vijana hao la mwaka 2009 nchini Nigeria imekuwa ikitumia kipimo cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na ncha ya mfupa ikionekana imefunga kabisa, mchezaji huhesabiwa kuwa amevuka umri. Sisi huku mtaani hatuna mashine hiyo, na hata tungekuwa nayo isingetufaa kwa watoto wa chini ya miaka 15. Tulicho nacho ni katibu.

Nilinyamaza kwa mechi nyingine mbili. Mchezo wa sita tulikuwa nyumbani, tukiwa tumeshinda mechi nne na kutoka sare moja. Kwa kawaida ukaguzi kabla ya mechi ulikuwa wa haraka, kwani kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, alipitisha leseni mbele ya nyuso za wachezaji bila kusema neno. Siku hiyo alikuja mwingine, mtu mzima mwenye utaratibu wake, akawapanga vijana mstari na kuanza kuita majina kwa sauti, mmoja mmoja, kila aliyeitwa aitike na kupiga hatua mbele. Alipolifikia jina la mshambuliaji wetu, sauti mbili zikaitika kwa pamoja. Moja ilikuwa nzito, kutoka mstarini. Nyingine ilikuwa nyembamba, kutoka nyuma ya kamba, ya mtoto aliyekuwa ameshika dumu la maji.

Watu wakacheka, na kamisaa akadhani mtoto anafanya utani, akaendelea na jina lililofuata. Lakini mtoto yule hakuwa akitania. Alikuwa ameitwa jina lake, akaitika kama alivyofundishwa kuitika mbele ya watu wazima, kisha akamwona kaka yake akipiga hatua mbele, akafumba mdomo. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona maji yakitikisika ndani ya dumu. Sikusema kitu. Mechi ikachezwa, tukashinda mabao 2-0, na usiku ule sikulala.

Baada ya siku mbili niliwaita wanakamati wa timu na kuwaambia kwamba nitakwenda kuwaeleza waandaaji. Tulikuwa na pointi 16, na tulihitaji sare moja tu katika mchezo wa mwisho ili tutwae ubingwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye alikuwa ametoa fedha za jezi mfukoni mwake, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Katibu, umetuuza." Mwingine akasema kila timu ina vijeba wake, na tukijitaja peke yetu tutakuwa tumewapa kombe wenye dhambi kama zetu. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na sikuweza kuikana kwa sababu nami niliamini kuwa ni kweli. Niliwakumbusha tu yaliyoipata timu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys. Mwaka 2005 ilikuwa imefuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na miwili baadaye ikaenda fainali za Gabon kwa mlango uleule uliogeuzwa: ilikuwa imetolewa na Congo Brazzaville, ikakata rufaa, na Congo ikaenguliwa kwa sababu mchezaji wake aliyelalamikiwa hakufikishwa kwenye kipimo cha umri. Nilisema kwamba mwaka 2017 tuliifurahia haki ile nchi nzima, na kwamba baba wa mtoto aliyevunjika mkono naye anastahili kuifurahia. Walinyamaza. Sina hakika kwamba walikubali, ila hawakunizuia.

Waandaaji walinisikiliza kwa heshima na kutoa uamuzi ndani ya wiki moja. Mechi zote sita zilifutwa na wapinzani wakapewa ushindi wa mezani wa mabao 3-0 kila mmoja. Mimi nilifungiwa mwaka mmoja kukaa kwenye benchi na kusimamia usajili. Mchezaji naye alifungiwa mwaka mmoja, na katika uamuzi huo aliandikwa kwa jina lililokuwa kwenye leseni. Hapo nilipaswa kunyanyua mkono na kusema jambo. Nilikuwa nimechoka, nimeona nimekwisha kuutua mzigo, nikasaini na kuondoka.

Mchezo wa mwisho tulicheza tukiwa hatuna pointi hata moja. Nafasi ya mshambuliaji ilichukuliwa na kijana wa miaka 14 aliyekaa benchi msimu mzima bila kuingia. Alikosa bao la wazi kipindi cha kwanza, tukafungwa 3-0, na mechi ilipokwisha alimwendea kila mwenzake akimwomba radhi. Nilikuwa nimesimama nje, mbali, kama adhabu ilivyotaka. Nikahesabu dakika alizonyimwa katika mechi sita na kukuta ni 420.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa wale ndugu wawili. Nilimkuta mama yao amekaa mkekani anamenya ming'oko, nikapiga hodi na kuamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," akasogea kunipisha. Nilitarajia lawama, lakini alinieleza tu mambo yalivyokuwa. Mtoto mkubwa alizaliwa shambani, mbali na zahanati, na hakuwahi kuandikishwa. Mwaka wa kuzaliwa kwake mama anaukumbuka kwa hesabu ya huku kwetu: "Mwaka ule wa vurugu za gesi alikuwa darasa la kwanza." Vurugu za gesi, watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, zilikuwa mwaka 2013, kwa hiyo nilipokuwa ninamsajili alikuwa na miaka 16 au 17. Aliacha shule darasa la tano baba yao alipofariki, akaenda kubangua korosho. Mdogo yeye alizaliwa zahanati na akapata cheti. Hicho ndicho cheti pekee kilichokuwa ndani ya nyumba ile, na mkubwa alipoambiwa kwamba bila cheti hasajiliwi, alikichukua kwenye sanduku la mama yake.

Nilikuwa nimekwenda pale kusamehe na kusamehewa, na nikarudi nikiwa nimeelewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza yule kijana, nalo ni: una cheti chako mwenyewe? Kama ningemwuliza hivyo badala ya kumwuliza kama kile ni chake, angenijibu hana, na tungeanza hapo.

Juni 2023 usajili ulifunguliwa tena. Mdogo alikuwa ametimiza miaka 14, na kama ilivyotokea alikuwa mchezaji mzuri wa kiungo, mtulivu, mwenye kuutazama mpira kabla haujamfikia. Alikwenda kwenye meza ya usajili na cheti chake kile kile, sasa kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliyekuwa mezani akafungua jalada, akapitisha kidole kwenye orodha, akamwambia kwamba jina hilo limefungiwa hadi Agosti, na kwamba leseni yake ipo tayari ila picha si yake. Mtoto akauliza, "Nimefanya nini?" Sikuwepo, kwa sababu nami nilikuwa bado nimefungiwa. Niliambiwa jioni na kocha, na hadi leo maneno yale mawili ninayasikia kama niliyasikia kwa masikio yangu.

Ilituchukua karibu wiki tatu kulisafisha jina lake. Mama alileta kadi ya kliniki, ile yenye mchoro wa ukuaji, ambamo muuguzi alikuwa ameweka alama ya uzito wa mtoto kila mwezi. Alama zilipanda taratibu, zikashuka mwezi mmoja alipougua malaria, zikapanda tena. Mwalimu mkuu alileta rejista ya darasa. Mtendaji wa mtaa aliandika barua. Mimi nilikwenda kama shahidi, nikasimama mbele ya meza ile ile na kueleza tena, safari hii bila kuacha kitu, kwamba mkono uliounganisha jina la mtoto huyu na uso wa mtu mwingine ulikuwa wangu. Waandaaji walikuwa na shida moja: adhabu haiwezi kubaki hewani, lazima iandikwe kwa jina la mtu. Kaka mtu alikuwa amekaa nyuma ya chumba. Akasimama, akasema, "Andikeni langu," akalitaja, akasubiri mpaka alipoona limeandikwa. Ukiacha rejista ya shule aliyoiacha njiani, barua ile ya kifungo ndiyo karatasi ya kwanza niliyoiona ikiwa na jina lake halisi. Aliomba nakala, akaondoka nayo.

Baada ya hapo tulianza kumshughulikia cheti chake cha kuzaliwa. Kumwandikisha mtu aliyekwisha kukua ni safari ndefu ya viapo, mashahidi na ada, lakini ni safari inayofika. Adhabu yangu ilipokwisha, timu ilinirudishia ukatibu, jambo ambalo sikulitarajia, nami nikaweka masharti mawili. Mtoto asiye na cheti hafukuzwi, anaandikwa kwenye daftari la pembeni na tunaanza naye mapema, miezi mingi kabla ya usajili. Na kila ninayemsajili, nakwenda kwao kumwona mzazi, hata kama ni jirani yangu niliyemwona juzi. Yule beki mwembamba aliyevunjika mkono alipona na akarudi kucheza katika timu yake. Nilikwenda kuonana na baba yake. Alinipokea, tukanywa chai, na hakusema kwamba amenisamehe.

Mechi ya kwanza ya mdogo ilikuwa Julai 2023, ugenini, kwenye kiwanja chenye mikorosho miwili nyuma ya goli. Mimi nilikuwa bado nje ya kamba. Aliingia kipindi cha pili, zikiwa zimebaki kama dakika 20, na jezi iliyomfika karibu na magoti. Kaka yake alikuja kwa baiskeli, akasimama kwenye kona, na dumu la maji safari hii lilikuwa mkononi mwake. Mpira ulipomwendea mdogo kwa mara ya kwanza, kaka akapaza sauti kumwambia ageuke. Alimwita kwa jina lao la nyumbani, lile ambalo haliko kwenye cheti chochote.